Swila wa Kwenye Mawe ya Jirani

Asubuhi ile Rosalia alipofungua banda, mtetea wake mwekundu alitoka mbio peke yake, manyoya yamemsimama, akazunguka uwanja mzima akiita kwa ile sauti ya kukatakata ambayo kuku huitoa akitafuta watoto wake. Hakuna kilichoitika. Rosalia aliinama, akaingiza kichwa ndani, akangoja macho yazoee giza. Kwenye kona, nyuma ya chungu kilichovunjika, walikuwa wamebaki vifaranga wawili, wamebanana, hata kulia hawalii. Jana yake jioni alikuwa amefungia kundi zima.

Alitafuta damu, hakuiona. Alitafuta manyoya, hakuna hata moja. Komeo lilikuwa mahali pake, matofali ya chini hayakuguswa, na udongo wa mlangoni ulikuwa na alama za nyayo zake mwenyewe tu.

"Haya ni matusi," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia. "Haya ni matusi kabisa."

Hasira yake haikuwa ya kupiga kelele. Rosalia akikasirika anafanya kazi. Alichukua ufagio akafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa, akapasua kuni ambazo hazikuhitajika siku ile, na muda wote alikuwa akiwaza nani.

Alishuka Babati kutoka Dongobesh akiwa bibi harusi, amekaa juu ya magunia ya mahindi kwenye lori, na mapajani amempakata kuku mmoja aliyepewa na mama yake. Tangu hapo uwanja wake pale Nakwa haujawahi kukosa kuku. Walikuwa kuku wake, si wa mumewe. Teodori alikuwa na shamba lake Sigino, akitoka alfajiri na kurudi jioni, na mambo ya kuku hakuyaingilia. Kuku ndio waliompokea mgeni akija bila taarifa. Kuku ndio waliotoa supu Zawadi, binti yao, alipougua, na jogoo mkubwa wa mwaka ule alikwenda kanisani siku ya mavuno akiwa amefungwa miguu kwa utepe mwekundu, watu wakampigia vigelegele.

Na Rosalia hakuwa mtu wa kuchezewa na adui. Mwewe, Rosalia alishamshinda zamani: vifaranga wadogo walishinda chini ya tenga, na juu ya uwanja alitandaza kamba zilizoning'inizwa sidii kuukuu, zikimeremeta juani mpaka mwewe wakaona heri waende kwa wengine. Kicheche naye alijaribu kuchimba chini ya ukuta, akakuta matofali yamefukiwa kuzunguka banda lote. Kwa hiyo kuibiwa ndani ya nyumba iliyofungwa, bila alama yoyote, kulimuuma kama vile mtu ameingia chumbani kwake na kupekua sanduku.

Hadi kufikia saa nne alikuwa amepata jibu. Ni paka.

Paka mwenyewe alikuwa wa jirani, dume kubwa la kijivu, lililopenda kujianika juu ya tangi la maji na kuwatazama kuku wa watu kama linachagua. Nyumba ile ilikuwa ya Ombeni, mtu wa Same aliyeletwa Babati na kazi ya ofisini, akanunua kiwanja, akajenga nyumba nzuri ya bati la msauzi. Mke wake, Evelyne, alikuwa mpole na mcheshi. Kitu kimoja tu kiliharibu sura ya nyumba ile: lundo la mawe lililomwagwa mpakani kabisa, kwa ajili ya uzio ambao Ombeni alisema atajenga. Mwaka wa pili sasa uzio haujajengwa. Nyasi zilikuwa zimepanda juu ya mawe, takataka zikarushwa humo, panya wakaingia.

"Hodi hapa."

"Karibu Mama Zawadi. Shikamoo."

"Marahaba. Sijaja kukaa, Mama Brightness. Nimekuja kukuambia paka wako amemaliza vifaranga wangu."

Evelyne aliacha kufua. "Paka wangu? Jamani! Paka wangu analala jikoni, na mlango ninafunga mimi mwenyewe."

"Basi ana ufunguo wake."

"Mama Zawadi, usimsingizie mnyama wa watu. Hao wameliwa na yule nyoka wa kwenye mawe."

Alisema hivyo kwa haraka, kwa kumtetea paka, kisha ghafla akaangalia povu la sabuni mikononi mwake.

"Nyoka gani?" Rosalia aliuliza.

"Si nilidhani Baba Brightness alishawaambia."

"Hakutuambia kitu. Nyoka gani?"

Evelyne alipangusa mikono kwenye kitenge. Alieleza polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Wakati wa Pasaka mumewe alikuwa amesimama dirishani, akamwona swila anatoka kwenye mawe, mrefu, mweusi, akaota jua kidogo kisha akarudi. Akawakataza watoto kukanyaga upande ule. Akaziba matundu yote chini ya milango yao kwa mpira. Akamwita fundi akaweka wavu kwenye madirisha.

"Na sisi?" Rosalia aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Alisema atawaambia."

Rosalia alirudi nyumbani bila kuaga. Alisimama mpakani akayatazama yale mawe. Tangu Pasaka! Zawadi alikuwa akikata majani ya mbuzi pale pale, kwa mkono mtupu. Yeye mwenyewe, kila Jumamosi, alianika nguo za shamba za Teodori juu ya mawe yale kwa sababu yalipata jua zuri. Na Ombeni alikuwa akipita kwenye gari lake, anashusha kioo, anasema, "Shikamoo mama, za kazi?" na yeye anaitika, marahaba mwanangu, nzuri. Alikuwa amemwona ameweka mikono juu ya lile lundo, akamwamkia, akapandisha kioo.

Jioni alimngoja getini. Ombeni aliposhuka, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni, alitabasamu.

"Shikamoo mama."

"Baba Brightness, ulimwona nyoka kwenye mawe yako wakati wa Pasaka?"

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale halijui liende wapi. "Aa, nyoka. Nyoka mama wako kila mahali huku. Mimi sijamfuga."

"Ulimwona?"

"Nilimwona mara moja. Huenda alikuwa anapita tu."

"Basi yatoe mawe."

"Nitayatoa. Nikianza uzio, yote yanaisha."

"Uzio unaanza lini?"

"Mungu akijalia, mama." Akafunga geti taratibu, kwa adabu, kama anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Rosalia alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Sosthenes, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho akasema kesho atakuja kuangalia. Kesho haikufika. Teodori naye aliposimuliwa alisema jirani ni jirani, ngoja azungumze naye kiume. Akaenda. Alirudi baada ya muda mrefu, amekunywa soda, uso umechangamka.

"Ni kijana mzuri tu," alisema. "Amesema analifanyia kazi."

"Mawe yanatoka lini?"

Teodori alikuna shavu. "Hilo hatukulifikia."

Rosalia alimtazama mumewe, akaenda jikoni akaosha sufuria zote, zile safi na zile chafu.

Alifanya alichoweza upande wake. Vifaranga wawili waliobaki aliwahamishia jikoni pamoja na mama yao, chini ya tenga, na juu ya tenga akaweka jiwe. Pumba na mahindi yaliyokuwa yakiita panya aliyafungia kwenye pipa lenye mfuniko. Alifyeka majani upande wake wote mpaka udongo ukaonekana mweupe. Lakini kuku wakubwa waliendelea kutaga bandani, na mayai lazima yaokotwe.

Ilikuwa mchana kweupe, jua la saa saba. Rosalia alifungua mlango, akanyoosha mkono kwenye kiota, akaona kama fimbo nyeusi inasimama yenyewe kutoka kwenye majani makavu. Shingo ilipanuka. Hakupata hata muda wa kusema Yesu. Kitu kama maji kilimpiga usoni, na mara macho yote mawili yakawaka moto, moto wa pilipili uliochanganywa na magadi.

Alianguka kinyumenyume nje ya banda. "Zawadi! Macho yangu! Zawadi!"

Zawadi alitoka mbio, akamvuta mamake mbali na mlango, akamlaza chali kando ya ndoo, akaanza kummwagia maji machoni, kikombe baada ya kikombe. Katarina, jirani wa nyumba ya nyuma na kiongozi wa jumuiya yao, alifika na chupa ya maziwa.

"Mtie maziwa! Yanakata sumu!"

"Maji tu, mama," Zawadi alisema bila kuacha kumwaga. "Tulifundishwa shuleni maji tu, mengi. Naomba uniletee ndoo nyingine."

Katarina aliweka chupa chini, akakimbilia bomba. Walimwaga maji mpaka uwanja ukawa tope, kisha wakampakia Rosalia kwenye bajaji, kitambaa kilicholowa usoni, kuelekea hospitali. Daktari alimwambia maji yale ndiyo yaliyomwokoa. Jicho la kulia lingepona vizuri. La kushoto lilikuwa limeunguzwa kidogo juu, tungoje, alisema.

Siku za kukaa na macho yamefungwa bendeji zilikuwa mbaya kuliko maumivu. Hakuweza kufagia. Hakuweza kupasua kuni. Hasira ilikaa ndani yake bila kazi ya kufanya, ikawa inazunguka. Alisikia kuku wake uwanjani na kuhesabu kwa sauti zao nani yupo na nani hayupo.

Ombeni alikuja kumwona. Alikuja na ndizi na maembe kwenye mfuko, Rosalia akavisikia vikiwekwa mezani. Alitoa salamu vizuri. Akakaa. Akasema dunia ina mitihani. Kisha akasema, kwa sauti ya kumshauri mtu mzima ambaye hajui:

"Lakini mama, na hili tuliangalie. Mtu ukifuga kuku, lazima nyoka aje. Wataalamu wanasema. Labda ungepumzika kwanza na hawa kuku."

Rosalia alifungua mdomo, lakini kabla hajapata neno alisikia kiti kinasukumwa nyuma. Alidhani ni mgeni anaondoka. Alikuwa Teodori amesimama.

"Beba matunda yako," Teodori alisema.

"Baba Zawadi, mimi nilikuwa nasema tu..."

"Beba matunda yako utoke nyumbani kwangu. Mke wangu amelala hapa haoni, wewe unamlaumu kuku? Ulimwona nyoka ukaziba milango yako. Kisha ukaninywesha soda. Toka!"

Katika miaka yote ya ndoa Rosalia hakuwahi kumsikia mumewe akimfukuza mtu. Hata mbuzi alikuwa akiwaomba watoke shambani. Alikaa kitandani ndani ya giza la bendeji, na kwa mara ya kwanza tangu aumie akajisikia hayuko peke yake.

Bendeji zilipotolewa, jumuiya walikuja nyumbani kusali. Walisali rozari yote, wakaimba, wakampa pole mmoja mmoja. Walipomaliza, Rosalia alisimama.

"Kwa sala nimeshukuru sana," alisema. "Sasa naomba gambuti. Mwenye gambuti, mwenye mti mrefu, mwenye reki, kesho asubuhi jua likiwaka aje. Yale mawe yanaondoka."

"Si ya Ombeni?" mmoja aliuliza.

"Ni ya Ombeni," Rosalia alijibu. "Na jicho ni langu."

Walikuja. Katarina alivaa gambuti za mumewe zilizomzidi miguu. Rosalia alivaa miwani ya jua ya Zawadi. Teodori aliazima miwani ya fundi wa kuchomelea, akashika mti mrefu wenye panda mwishoni, akasimama mbele ya wote. Waliyatoa mawe moja moja, kutoka juu, kwa reki na miti, bila mtu kuingiza mkono mahali asipopaona. Waliyabeba hadi uwanjani kwa Rosalia wakayapanga. Panya walitoka kwanza, wengi mpaka wanawake wakacheka. Kisha ikaonekana ngozi ya nyoka aliyejivua, ndefu kama kamba ya kufungia gunia. Cheko likaisha.

Swila mwenyewe alikuwa chini kabisa, ubavuni mwa jiwe kubwa. Alipoinua shingo, mate yake yalipiga miwani ya Teodori, yakachuruzika kwenye kioo. Teodori hakurudi nyuma. Alimbana kichwa kwa ile panda ya mti, na Katarina, ambaye hakuna aliyemtarajia, akashusha reki mara tatu akilia kwa woga.

Dirishani kwa Ombeni pazia lilitikisika. Hakuna aliyetoka.

Mawe makubwa ya chini yaliwashinda kubeba, yakabaki mpakani. Yale waliyoyatoa yalikuwa mazuri, magumu, ya kujengea. Rosalia hakuona sababu ya kuyarudisha mpakani yazae nyoka mwingine. Wiki ile ile alimleta fundi, na ukatokea msingi wa banda jipya, umeinuliwa kutoka chini, sakafu ya saruji isiyo na ufa, na madirisha ya wavu wa chuma wenye matundu madogo ambayo hata kidole cha mtoto hakipiti. Kwani wavu ule wa kawaida wa kuku, alimweleza fundi, unamzuia kuku tu. Nyoka unamkaribisha. Mlango ulikaa sawasawa na kizingiti, na fundi alipoacha uwazi mdogo chini yake, Rosalia alimfanya aurudie.

Ndipo mwenyekiti alipopata nafasi. Alimwita Rosalia ofisini kwake: kuna lalamiko, mali ya mtu imechukuliwa. Ombeni alikuwa ameshafika, amekaa wima, na Evelyne pembeni yake anaangalia sakafu. Rosalia alimwamkia mzee, akaitikiwa, akakaa na Teodori.

"Mama Zawadi," Mzee Sosthenes alianza, "tuongee kistaarabu. Mawe ya Bwana Ombeni umeyachukua?"

"Nimeyachukua. Yako kwenye msingi wa banda langu. Mwenyekiti, nilikuja kwako kuhusu nyoka, ukasema kesho. Leo ni mawe, umeniita asubuhi hii hii. Nyoka ulimkosea nafasi, mawe umeyapatia?"

Mzee alikohoa. "Hilo nalo tutalizungumza."

"Tulizungumze sasa. Muulize kama alimwona."

Mwenyekiti alimgeukia Ombeni. Ombeni alisema nyoka wako kila mahali, kwamba aliona kitu kwa mbali, hakuwa na uhakika ni nyoka wa aina gani, na kwamba suala lililopo mezani ni mawe.

"Alikuwa na uhakika," Evelyne alisema.

Wote walimgeukia. Alikuwa bado anaangalia sakafu.

"Aliniambia ni swila. Mimi nikamwambia awaambie majirani, yule mama anaanika nguo pale. Akasema wakijua watamsumbua atoe mawe, na kuyahamisha ni kazi." Aliinua macho kumtazama Rosalia. "Na mimi sikusema. Nilipaswa kusema. Naomba unisamehe, Mama Zawadi."

Ombeni alimtazama mkewe kama vile amezungumza lugha asiyoijua. Rosalia alihisi mikono yake ikitafuta ufagio. Kumbe Ombeni hakunyamaza kwa woga. Kumbe hata hakusahau. Alipima kazi ya kusogeza mawe kwenye mzani mmoja na macho yake yeye Rosalia, akaona mawe ni mazito zaidi.

Mzee Sosthenes aliwatazama wote wanne, mmoja mmoja. Kisha akasema mawe yaliyo kwenye msingi yatabaki kwenye msingi, na Ombeni asiyadai tena. Yaliyobaki mpakani ayaondoe kabla wiki haijaisha, na afyeke nyasi zake zote, na yeye mwenyekiti atakuja kuangalia, na safari hii atakuja kweli. "Tumeelewana? Basi, tufunge."

"Bado," Rosalia alisema.

"Kuna nini tena, mama?"

"Hajanipa pole."

Ombeni alijitingisha kwenye kiti. "Mama, mimi nilikuja na matunda kabisa..."

"Ulikuja kunifundisha kuku. Pole sijaisikia."

Alivuta pumzi. "Pole, mama."

"Pole ya nini?"

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Alimtazama Rosalia kwa mara ya kwanza, akaliona lile jicho la kushoto, jekundu, linatoa machozi lenyewe. Alifungua kitambulisho shingoni akakishika mkononi.

"Pole kwa kunyamaza," alisema. "Nilikuona pale na nguo zako. Nikanyamaza. Nisamehe, mama."

"Nimesikia," Rosalia alisema. Hakusema amesamehe, kwa sababu ilikuwa bado, na hakupenda kusema uongo mbele ya mwenyekiti.

Mawe yaliyobaki yaliondoka Jumamosi. Ombeni mwenyewe alivaa gambuti, akabeba pamoja na vibarua, na Teodori, akiwa ndiye Teodori, alikwenda kumsaidia kabla ya saa tatu. Jicho la kushoto la Rosalia lilipona lakini halikurudi kama zamani. Jua likiwa kali linamwaga machozi, na akichambua mchele inabidi ageuze kichwa. Kila linapotoa machozi anakasirika upya, na uwanja unafagiliwa tena.

Evelyne anakuja mara kwa mara. Anataka kufuga, anasema, lakini anaogopa. Rosalia anamzungusha kwenye banda, anamwonyesha wavu, anamfanya apitishe kidole chini ya mlango ili aone kwamba hakipiti. Mtetea mwekundu alitotoa tena kabla ya mvua, humo ndani, na jioni Rosalia akipiga bati kwa kijiko vifaranga wanakuja wote mbio, wanapandana mlangoni, wanaingia.